Fritz Busch Alikuwa na Njia, na Wenzake Pia

Ukisoma wasifu wa viongozi wa okestra wa Ujerumani wa karne ya 20, utakutana na utetezi mmoja unaorudiwa karibu neno kwa neno. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, husemwa, mwanamuziki hakuwa na la kufanya. Angeondoka, angepoteza okestra yake, waimbaji wake, lugha yake na hadhira iliyomwelewa. Akibaki, angalau angewalinda Bach na Beethoven mpaka dhoruba ipite. Kutoka hapo msomaji hupewa hukumu mbili zilizokwisha kuandaliwa: waliobaki waonewe huruma kwa kuwa walitwishwa mzigo, na walioondoka wasikitikiwe kwa kuwa kazi yao ilikatika katikati. Utetezi huu umezoeleka kiasi kwamba wengi hawauoni tena kuwa ni hoja. Wanaudhani ni historia.

Ni hoja, na ni hoja mbovu. Inaangushwa na maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kubaki, aliyetakiwa abaki, na aliyekataa. Mtu huyo ni Fritz Busch, kiongozi wa opera aliyezaliwa Siegen, Westphalia, mwaka 1890. Nashikilia mambo mawili juu yake. Kwanza, kukataa kwake kunaonyesha kwamba wenzake wenye jina kama lake walikuwa na njia, na wakachagua. Pili, kazi yake haikukatika mwaka 1933. Sehemu ya kazi hiyo ambayo dunia inaisikiliza mpaka leo aliifanya baada ya kuondoka.

Tuanze na alichokuwa nacho, maana bila kukijua hatuwezi kupima alichokiacha. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza fidla. Ndugu yake Adolf alikuja kuwa mpiga fidla wa kutajika Ulaya nzima, na Hermann mpiga selo. Fritz alisoma Cologne, akaanza kuongoza Riga akiwa kijana mdogo, akahamia Aachen mwaka 1912, na mwaka 1918 akapewa opera ya Stuttgart. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 32, akakabidhiwa uongozi mkuu wa muziki wa Dresden, moja ya nafasi za juu kabisa katika opera ya Ujerumani.

Hakuipata Dresden ili astarehe. Katika miaka 11 aliyokaa hapo, kazi mpya zilitolewa kwa mara ya kwanza mkononi mwake moja baada ya nyingine: Intermezzo ya Richard Strauss mwaka 1924, Doktor Faust ya Busoni mwaka 1925, Der Protagonist ya Kurt Weill na Cardillac ya Paul Hindemith mwaka 1926, Die ägyptische Helena ya Strauss mwaka 1928. Mwaka huohuo wa 1926 aliipandisha jukwaani La forza del destino ya Verdi kwa maneno ya Kijerumani ya Franz Werfel, na Wajerumani wakaanza kuzitazama upya opera za Verdi walizokuwa wamezipuuza. Bayreuth ilipofungua tena tamasha lake la Wagner mwaka 1924 baada ya vita, ni Busch aliyeitwa kuongoza Die Meistersinger. Strauss aliiweka wakfu Arabella, opera yake mpya, kwa Busch pamoja na Alfred Reucker, mkurugenzi wa opera ya Dresden. Methali yetu inasema mcheza kwao hutuzwa, na Busch alikuwa ametuzwa.

Kisha ikaja tarehe 7 Machi 1933. Uchaguzi uliompa Hitler nguvu zaidi ulikuwa umefanyika siku mbili tu kabla. Opera ya Dresden usiku huo ilikuwa na Rigoletto ya Verdi, na ndani ya ukumbi walikuwa wamekaa wanamgambo wa Kinazi wa SA. Busch alipotokea mbele ya okestra, kelele zikaanza: aondoke, atoke nje. Alisimama pale akizisikiliza. Okestra ilikuwa imekaa na vyombo mikononi, waimbaji wakisubiri nyuma ya pazia. Ilipodhihirika kwamba hataachwa aanze, aliteremka na kutoka, na Kurt Striegler akachukua kifimbo. Onyesho likaendelea. Waliomshtaki walisema aliajiri mno waimbaji wa Kiyahudi na wa kigeni, na kwamba urafiki wake na Wayahudi ulizidi. Baadhi ya wafanyakazi wa opera ileile aliyoijenga waliweka saini zao kumkana. Reucker naye akaondolewa.

Hapa watetezi wa maelezo yaliyozoeleka huingia haraka. Unaona, husema, Busch alifukuzwa, hakuondoka kwa hiari yake, kwa hiyo hawezi kuwa kipimo cha wengine. Wangesimama hapo wangekuwa na neno. Lakini habari haikuishia kwenye mlango wa Dresden. Busch hakuwa Myahudi. Bruno Walter na Otto Klemperer, ambao walikuwa Wayahudi, walizuiliwa au walilazimika kukimbia, na kwao swali la kuchagua halikuwapo kabisa. Kwa Busch mlango uliofungwa Dresden ulifunguliwa kwingine, tena na wakubwa zaidi. Hermann Göring, aliyezishika opera za dola mjini Berlin, alimtaka na alizungumza naye. Na Arturo Toscanini alipojitoa Bayreuth kiangazi cha 1933 kwa kupinga jinsi wanamuziki wa Kiyahudi walivyotendewa, Busch aliombwa aizibe nafasi hiyo. Akakataa. Waliotoa nafasi walipata mtu mwingine wa kuijaza: Parsifal iliongozwa na Richard Strauss.

Tuangalie kwa makini kilichotokea hapo, maana ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Mtu aliyezomewa na kudhalilishwa mbele ya mji wake anaitwa tena, na anaitwa mahali patakatifu pa muziki wa nchi yake. Angeweza kujiambia kwamba haki imerudi. Angeweza kujiambia kwamba Wagner ni mkubwa kuliko serikali yoyote. Maneno hayo yote yalikuwapo, yameshatungwa, na wenzake walikuwa wakiyatumia kila siku. Hakuyatumia. Kwa hiyo anayesema kwamba mwaka 1933 hapakuwa na njia, analazimika kutueleza Busch alipita wapi.

Wapo wanaompunguzia Busch heshima hii. Wanasema alizungumza na Göring kwa muda, kwamba mwanzoni alikuwa na matumaini ya Berlin, kwamba hata safari yake ya kwanza ya Buenos Aires mwaka 1933 haikuichukiza serikali mpya. Simhitaji awe mtakatifu. Tuchukue kwamba alisita, kwamba aliwaza, kwamba kwa wiki kadhaa hakujua aende wapi. Aliyesita kisha akakataa anaithibitisha hoja yangu kuliko ambaye angekataa bila kuwaza, kwa sababu anaonyesha kwamba kulikuwa na kitu cha kupimwa na kwamba mizani ilikuwa mkononi mwake. Mwisho wa kupima ulikuwa wazi: hakurudi kuongoza opera Ujerumani mpaka utawala ule ulipoanguka. Mwaka 1936 akachukua uraia wa Argentina.

Wala hakuwa peke yake. Adolf Busch, aliyekuwa akiishi Basel, alifuta maonyesho yake ya Ujerumani mwezi Aprili 1933, baada ya kususiwa kwa maduka ya Wayahudi kuanza. Carl Ebert, mkurugenzi wa Städtische Oper ya Berlin, aliondoka mwaka huohuo. Erich Kleiber, aliyeiongoza Wozzeck ya Alban Berg kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1925, alijiuzulu kwenye opera ya dola mwezi Desemba 1934. Hakuna hata mmoja wa hawa watatu aliyekuwa Myahudi. Wote walikuwa na vyeo au majina yaliyowalisha vizuri.

Nakubali jambo moja kwa moyo mweupe. Mpiga zumari wa safu ya pili katika mji mdogo, mwenye watoto wanne na asiyejulikana nje ya mkoa wake, hakuwa na njia aliyokuwa nayo Busch. Nani angemwita Buenos Aires? Huyo simhukumu. Lakini utetezi ninaoupinga haukutungwa kwa ajili ya mpiga zumari. Umetungwa kwa ajili ya watu ambao Vienna, London, New York na Zürich zingewapokea kwa mikono miwili. Wanajificha nyuma ya mnyonge na kuazima udhaifu wake.

Sasa niende kwenye hoja ya pili, ile ya ulinzi: kwamba waliobaki walikuwa walinzi wa urithi. Mwakilishi wake bora ni Wilhelm Furtwängler, na ni haki kumtaja kwa ubora wake. Hakujiunga na chama cha Nazi. Aliwasaidia wanamuziki wa Kiyahudi. Mwezi Novemba 1934 alimtetea Hindemith gazetini, na mwezi uliofuata akajiuzulu vyeo vyake. Lakini kufikia Aprili 1935 alikuwa amerudi mbele ya okestra yake ya Berlin, na mwezi Aprili 1942 aliongoza Simfoni ya Tisa ya Beethoven katika sherehe za kuamkia siku ya kuzaliwa ya Hitler. Ukitaka kujua ulinzi ule ulikuwa na maana gani, uliza ni nani hasa aliyelindwa usiku ule.

Kisha uliza ni urithi upi uliobaki salama. Sanamu ya Mendelssohn iliondolewa mbele ya ukumbi wa Gewandhaus mjini Leipzig mwezi Novemba 1936. Muziki wake ulikuwa umeshatolewa kwenye ratiba. Weill alikimbia. Mathis der Maler, opera ya Hindemith ambayo Furtwängler alitaka kuiongoza Berlin, ilitolewa kwa mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1938. Arabella, iliyowekwa wakfu kwa Busch na Reucker, ilitolewa Dresden tarehe 1 Julai 1933 bila wote wawili, Clemens Krauss akiwa na kifimbo, na Strauss akaikubali hali hiyo. Miezi minne baadaye akakubali pia kuwa rais wa chama cha muziki cha dola. Kama huu ndio ulinzi, basi mlinzi alikuwa akifungua ghala kwa mkono wake na kuhesabu magunia yanavyotoka. Na jumba lenyewe la opera la Dresden, lile ambamo Busch alitolewa, liliteketea kwa mabomu mwezi Februari 1945. Lilifunguliwa upya mwaka 1985 tu. Serikali ambayo wasanii waliipamba ili kuulinda utamaduni ndiyo iliyouingiza utamaduni huo motoni.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu husemwa kwa sauti ya huruma. Ni ile inayosema kwamba aliyeondoka alipoteza sanaa yake. Kwa Busch husemwa hivi: kutoka Dresden tukufu mpaka kajumba ka opera shambani Uingereza, ni anguko gani!

Kajumba hako ni Glyndebourne. John Christie, mwenye shamba na nyumba kubwa karibu na Lewes, Sussex, alijenga ukumbi wa viti 300 hivi ubavuni mwa nyumba yake, na akawaita Busch na Ebert. Christie alikuwa na ndoto za Wagner. Wajerumani wawili hawa walimwonyesha kwamba ukumbi ule unamtaka Mozart. Tarehe 28 Mei 1934 pazia likafunguliwa kwa Le nozze di Figaro, na mke wa Christie, Audrey Mildmay, akaimba Susanna kwa sababu sauti yake ilimfaa mhusika huyo. Msimu mzima ulikuwa wa majuma mawili na opera mbili, ya pili ikiwa Così fan tutte.

Mtu anayepima ukubwa wa kazi kwa idadi ya viti ataona anguko. Mtu anayejua kiongozi wa opera hufanya nini ataona kitu kingine. Tatizo sugu la nyumba kubwa za opera za zama zile lilikuwa muda. Mwimbaji maarufu aliwasili kwa treni, akafanya mazoezi machache, akaimba kama alivyoimba mji uliopita, akaondoka. Kiongozi wa okestra alibaki akiwashikanisha watu waliokutana asubuhi ileile. Glyndebourne ilimpa Busch alichokuwa akikitafuta tangu Dresden: majuma ya mazoezi, kundi moja la waimbaji lisilogeuka usiku hadi usiku, na mwongozaji wa jukwaa, Ebert, aliyesoma nota kama alivyozisoma yeye. Wawili hao walikuwa wameshaijaribu njia hiyo Salzburg na Berlin mwaka 1932. Sussex ndipo walipoikamilisha.

Ushahidi haumo kwenye kumbukumbu za mashabiki tu. Umo kwenye rekodi. Kati ya 1934 na 1936 kampuni ya His Master's Voice ilirekodi Figaro, Così na Don Giovanni za Glyndebourne, na hiyo Don Giovanni ndiyo rekodi kamili ya kwanza ya opera hiyo. Santuri za wakati ule zilibeba dakika nne hivi kila upande. Waimbaji walikuwa wakisimamishwa katikati ya tendo, wakingojea santuri nyingine, kisha wanaanza tena palepale walipoachia. Katika hali hiyo ni rahisi muziki kugeuka vipande vipande. Sikiliza Così ya 1935 uone kama unavisikia vipande hivyo.

Chukua ule utatu wa tendo la kwanza, ambamo dada wawili na mzee Don Alfonso wanaiombea upepo mwanana meli iliyowachukua wachumba. Mozart ameziwekea fidla kizibo, zinavuma chini kwa chini kama maji yanayopigapiga ubavu wa chombo. Juu yake sauti tatu zinapanda pamoja. Ugumu wa kipande hiki ni kwamba kila mwimbaji anatamani kukawia kwenye noti yake nzuri, na akikawia mmoja, bahari inasimama. Kwa Busch bahari haisimami. Fidla zinaendelea kwa mwendo uleule, na Ina Souez, Luise Helletsgruber na John Brownlee wanapumua pamoja, hakuna anayemvuta mwenzake. Huwezi kuupata umoja wa namna hiyo kwa kukunja uso mbele ya okestra. Unapatikana kwa watu waliokaa pamoja siku nyingi wakirudia jambo moja mpaka kila mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi wapi.

Tazama pia waliomo kwenye rekodi hiyo. Despina anaimbwa na Irene Eisinger, Myahudi aliyelazimika kuiacha Ujerumani. Ferrando ni Heddle Nash, Mwingereza. Guglielmo ni Willi Domgraf-Fassbaender, Mjerumani aliyekuja kuimba kisha akarudi kwao. Ile hatia aliyopewa Busch mjini Dresden, ya kuwachanganya Wayahudi na wageni, ndiyo iliyoijenga kazi yake bora. Nani basi aliyekuwa mlinzi wa Mozart mwaka 1935?

Na Glyndebourne ilikuwa sehemu tu ya miaka yake. Teatro Colón ya Buenos Aires ilimpa opera za Kijerumani, Parsifal ikiwamo, kwa hiyo Wagner ambaye Busch alimkataa Bayreuth, alimwongoza mahali ambapo hapakuwa na bendera ya kumsalimu. Copenhagen ilimpa okestra ya redio iliyokuwa bado changa, na yeye ni mmoja wa walioikuza ikafikia ngazi ya kimataifa. Mwaka 1938 aliiongoza Macbeth ya Verdi Glyndebourne, opera ambayo Uingereza ilikuwa haijaipata kutoka kwa kundi la kulipwa. Mwaka 1945 alifungua msimu wa Metropolitan Opera mjini New York kwa Lohengrin. Mwaka 1951 alirudi Ujerumani, na redio ya Cologne ikamrekodi na Un ballo in maschera, Dietrich Fischer-Dieskau akiwa kijana mdogo ndani yake. Kiangazi hicho akaiongoza Idomeneo ya Mozart Glyndebourne. Alifariki London mwezi Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 61. Mtu akiniambia hii ni kazi iliyokatika, nitamwomba anionyeshe iliyotimia.

Sisemi kwamba uhamisho haukumuuma. Alikosa makao ya kudumu kama Dresden, na miaka ya vita ilimtawanya huku na huko kati ya mabara mawili. Gharama ilikuwapo na aliilipa. Ninachokikataa ni kugeuza gharama hiyo kuwa udhuru wa wale wasioilipa. Hasara ya aliyeondoka haimsafishi aliyebaki.

Linabaki neno la mwisho la wapinzani wangu, lile wanalolirudia wakiishiwa na mengine: sanaa iko juu ya siasa. Usiku wa Rigoletto unalijibu. Busch alikuwa amekwenda kuongoza Verdi. Siasa ndiyo iliyonunua tiketi, ikakaa vitini na kupiga kelele. Nyumba za opera za Ujerumani zililipwa na dola na miji, na wakuu wake waliteuliwa na wenye madaraka. Aliyepokea uteuzi kutoka kwa Göring alikuwa amekwisha kuingia katika siasa, hata kama hakuwahi kutamka neno moja nje ya muziki. Kunyamaza kwake kulikuwa sehemu ya mkataba.

Kauli hiyo tunaisikia hata kwetu Afrika Mashariki kila msimu wa uchaguzi, bendi zinapopanda majukwaa ya kampeni: msanii ni msanii, aimbe alipwe, asiulizwe. Hali zetu si za Dresden ya 1933, na sizifananishi. Lakini mantiki ni ileile, na inastahili jibu lilelile. Msanii anayejulikana ana kitu ambacho mwenye madaraka anakihitaji, ndiyo maana anaitwa. Mwenye kitu kinachohitajiwa anaweza kukinyima.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika wasifu wa wanamuziki hawa, na wanaotuandalia vijitabu vya rekodi zao, wabadilishe namna ya kuhesabu. Wameorodhesha vyeo, kumbi na tuzo, wakafika 1933 na kumwandikia Busch kwamba alipoteza Dresden. Waandike na alivyovikataa, kuanzia Bayreuth ya mwaka huohuo, na wavihesabu kama sehemu ya kazi yake sawa na Cardillac na Figaro. Na wanapofika kwa wale waliobaki wakiwa na majina makubwa na milango wazi, wasituandikie tena kwamba hawakuwa na njia. Waandike walichochagua, na walichopewa kwa kukichagua.